Herufi mbili zinazoamua kama asiyeona ataelewa habari ya Kiswahili

CHUKUA maneno manne ya Kiswahili cha kila siku: wake, pale, pole na mate. Mtoto wa darasa la pili huyasoma bila kusita. Mpe maneno hayohayo msomaji anayejua Kiingereza pekee, naye atayatamka 'weik', 'peil', 'poul' na 'meit', kwa sababu kila moja lina umbo sawa na neno la Kiingereza lenye matamshi mengine na maana nyingine.

Kosa hilo likifanywa na mgeni, wenyeji hutabasamu na kumsahihisha. Likifanywa na kompyuta, katika habari yenye maneno mia nane, mbele ya mtu asiyeona ambaye hana njia nyingine ya kuisoma habari hiyo, halichekeshi tena. Kinachotoka kwenye spika si Kiswahili wala si Kiingereza. Ni mfululizo wa sauti ambao msikilizaji hulazimika kuufumbua neno kwa neno, na anaweza kukata tamaa kabla ya kuifikia aya ya tatu.

Mara nyingi chanzo cha adha hiyo ni herufi mbili tu, zilizoandikwa mwanzoni kabisa mwa ukurasa wa mtandao, mahali ambapo msomaji mwenye kuona hapatazami. Ni herufi zinazoitangazia mashine lugha ya ukurasa. Zikiwa 'sw', mashine huchukua kwamba maandishi ni ya Kiswahili. Zikiwa 'en', huchukua kwamba ni ya Kiingereza, hata kama ndani yake hakuna sentensi moja ya Kiingereza.

Swali la jinsi kivinjari kinavyotambua lugha ya ukurasa laweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao. Hata hivyo, katika kipindi ambacho matangazo ya ajira, matokeo ya mitihani, huduma za benki, maelezo ya afya na habari za kila siku vimehamia mtandaoni, swali hilo limekuwa sehemu ya haki ya raia kupata habari. Kwa wasemaji wa Kiswahili, ambao UNESCO inakadiria kuwa wanazidi milioni 200, lina uzito wa pekee.

Kivinjari hujuaje?

Ukurasa wa mtandao unapofika katika kompyuta au simu, haufiki kama picha ya gazeti. Hufika kama maandishi yaliyopangwa kwa alama za HTML, na kivinjari, kiwe Chrome, Firefox, Safari au Edge, ndicho kinachozisoma alama hizo na kuupanga ukurasa kama tunavyouona. Alama inayofungua ukurasa mzima huitwa html. Ndani ya alama hiyo mwandishi wa ukurasa anatakiwa kuweka tamko fupi la lugha, yaani lang="sw" kwa Kiswahili, lang="en" kwa Kiingereza, lang="ar" kwa Kiarabu, na kadhalika.

Tamko hilo si jambo jipya. Shirika la viwango vya mtandao, W3C, liliwasilisha HTML toleo la 4.0 Desemba 1997, na tamko la lugha lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomo. Herufi zenyewe nazo hazikubuniwa ovyo. Zinatokana na orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, ambamo Kiswahili kimepewa 'sw'.

Kivinjari kinapotaka kujua lugha ya neno au aya fulani, hufuata utaratibu maalumu. Kwanza hutazama kama sehemu hiyo yenyewe ina tamko lake. Isipokuwa nalo, hupanda ngazi moja juu, kisha nyingine, mpaka kufika katika alama ya html. Tamko la karibu zaidi ndilo lenye nguvu. Kama hakuna tamko lolote katika ngazi zote hizo, kanuni za HTML zinaruhusu kutazama maelezo ya lugha yaliyo katika kichwa cha ukurasa, na mwisho taarifa iliyotumwa na seva pamoja na ukurasa huo. Nazo zisiposema kitu, au zikitaja lugha zaidi ya moja kwa pamoja, lugha ya ukurasa huhesabiwa kuwa haijulikani.

W3C inashauri wenye tovuti wasitegemee njia hizo mbili za mwisho. Tamko la uhakika ni lile lililo ndani ya alama ya html.

Baada ya kivinjari kupata jibu, hulipitisha kwa programu ya kusoma skrini. Hizi ndizo programu ambazo watu wasioona huzitumia kusikiliza kile ambacho wengine hukitazama. Zipo JAWS na NVDA kwa kompyuta za Windows, VoiceOver kwa vifaa vya Apple, na TalkBack kwa simu za Android. Programu hiyo hupokea maandishi pamoja na lugha yake, kisha huchagua sauti na kanuni za matamshi zinazolingana na lugha iliyotajwa. Baadhi hubadili sauti zenyewe katikati ya sentensi pale tamko linapobadilika.

Jambo hili linagusa zaidi ya matamshi ya maneno. Tarakimu nazo husomwa kwa lugha iliyotajwa. Bei iliyoandikwa 25,000 katika ukurasa uliotangazwa kuwa wa Kiswahili itasomwa elfu ishirini na tano. Ukurasa huohuo ukitangazwa kuwa wa Kiingereza, msikilizaji atasikia maneno ya Kiswahili yaliyopinda ulimi, na katikati yake kiasi cha fedha kinachotajwa kwa Kiingereza. Aidha, programu zinazogeuza maandishi kuwa Breli huhitaji kujua lugha, kwani vifupisho vya Breli vya lugha moja si vya nyingine.

Kwa nini isikisie?

Msomaji anaweza kuuliza: mbona kivinjari changu hutambua chenyewe kwamba ukurasa ni wa Kifaransa na kuniuliza kama nataka utafsiriwe? Kama kinaweza kufanya hivyo, tamko la nini?

Ni kweli kwamba vivinjari vina uwezo wa kukisia. Google, kwa mfano, iliunda programu ya kutambua lugha kwa kupima mfuatano wa herufi, ikaitumia ndani ya Chrome. Lakini makisio hayo yalikusudiwa hasa kazi ya tafsiri. Programu za kusoma skrini kwa kawaida hutegemea tamko la mwandishi, na ipo sababu ya msingi.

Makisio hufanya vizuri pale maandishi yanapokuwa marefu. Ukurasa wa mtandao umejaa maandishi mafupi: Ingia, Tafuta, Rudi, Lipa sasa, Endelea. Neno moja halitoshi kuthibitisha lugha. Neno 'pale' peke yake juu ya kitufe linaweza kuwa la Kiswahili, la Kiingereza au la lugha nyingine kabisa. Zaidi ya hapo, Kiswahili kina ndugu wengi wa Kibantu wanaofanana nacho kwa mpangilio wa silabi, na maandishi yake ya mijini yamechanganyika na majina na maneno ya kigeni. Mashine ikikosea katika tafsiri, mtumiaji hufunga kisanduku cha tafsiri na kuendelea. Ikikosea katika usomaji, mtumiaji asiyeona anapoteza ukurasa wenyewe.

Kuna pia mkanganyiko unaofaa kuondolewa. Watu wengi huchanganya lugha tatu tofauti. Ya kwanza ni lugha ya kivinjari au simu yenyewe, yaani ile inayoonekana kwenye menyu na mipangilio. Ya pili ni orodha ya lugha anazozipendelea mtumiaji, ambayo kivinjari huituma kwa seva ili, ikiwezekana, apewe ukurasa kwa lugha hizo. Ya tatu ndiyo lugha ya ukurasa uliopokewa. Kubadili simu iwe ya Kiswahili hakubadili tamko lililoandikwa ndani ya ukurasa wa mtu mwingine. Mtumiaji anaweza kuamua lugha anayoitaka, lakini mwenye ukurasa ndiye anayetamka ni ipi aliyompa.

Kwa hiyo wajibu uko kwa mchapishaji. Kivinjari ni mjumbe tu, hufikisha kile kilichoandikwa.

Ukimya na uongo

Mwaka 2019 taasisi ya WebAIM, iliyo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah nchini Marekani, ilianza kuchunguza kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja. Katika uchunguzi wa kwanza, asilimia 33.1 ya kurasa hizo zilikutwa hazina tamko la lugha lililo sahihi. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 15.8. Kosa hilo bado ni miongoni mwa makosa sita yanayojitokeza zaidi katika uchunguzi huo, pamoja na maandishi hafifu yasiyoonekana vizuri na picha zisizo na maelezo.

Kwa mtazamo wa haraka, hizo ni habari njema. Lakini kwa lugha kama Kiswahili takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kipimo cha aina hiyo hubaini tamko lisilokuwepo au lisilofuata muundo unaokubalika. Hakibaini tamko la uongo. Ukurasa wa Kiswahili wenye lang="en" hupita kipimo hicho bila tatizo, kwa kuwa tamko lipo na limeandikwa inavyotakiwa. Kosa lililobaki ni kwamba si la kweli.

Na hapa ndipo penye kiini cha mjadala huu. Ukurasa usiokuwa na tamko humwacha msikilizaji na sauti aliyoichagua mwenyewe. Kama ameweka sauti ya Kiswahili katika kifaa chake, ukurasa wa Kiswahili usio na tamko utasomwa kwa Kiswahili. Lakini ukurasa huohuo ukitangazwa kuwa wa Kiingereza, programu inayobadili lugha yenyewe itaiacha sauti ya mtumiaji na kumletea ya Kiingereza. Yaani mwandishi wa ukurasa, bila kujua, ameingilia uamuzi wa msikilizaji na kuupindua. Kwa mtu wa namna hiyo, uongo una madhara kuliko ukimya.

Uongo huo hauandikwi kwa nia mbaya. Hutokana na mazoea ya kazi. Programu nyingi ambazo watengenezaji wa tovuti huzitumia kuandikia msimbo humletea fundi ukurasa mtupu wenye muundo wa awali, na ndani yake lang="en" imeshaandikwa tayari. Mifumo ya kuendeshea tovuti nayo huwa na lugha ya kuanzia, ambayo mara nyingi ni Kiingereza cha Marekani, mpaka mtu aibadili katika mipangilio. Fundi hujaza vichwa vya habari, rangi, nembo na picha. Mteja hukagua kile anachokiona. Hakuna anayekagua mstari usioonekana, na tovuti huzinduliwa.

Wako pia wanaojaribu kurekebisha wakaangukia pengine. Mtu anayefikiri kwamba Kiswahili kifupishwe 'ki' atakuwa ametangaza Kikuyu, kwani huo ndio msimbo wa lugha hiyo. Atakayeandika 'ks' atakuwa ametangaza Kikashmiri cha Bara Hindi. Atakayeandika 'tz' au 'ke' atakuwa ametumia msimbo wa nchi mahali pa msimbo wa lugha. Namna sahihi ni 'sw', na mwenye haja ya kutofautisha anaweza kuongeza nchi: 'sw-TZ' kwa Kiswahili cha Tanzania, 'sw-KE' kwa cha Kenya. Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake pia, 'swc'.

Lugha mbili ndani ya ukurasa mmoja

Magazeti, wizara na vyuo vya Afrika Mashariki vina hali ambayo nchi nyingi za lugha moja hazina. Ukurasa mmoja waweza kuwa na habari ya Kiswahili, nukuu ya Kiingereza kutoka katika hukumu ya mahakama, na tangazo la zabuni lililoandikwa kwa Kiingereza kitupu. Kutangaza lugha moja juu ya ukurasa wote hakutoshi.

Utaratibu wa ngazi tulioueleza hapo juu uliwekwa kwa ajili ya hali kama hiyo. Ukurasa hutangazwa kuwa wa Kiswahili, kisha aya yenye nukuu ya Kiingereza hupewa tamko lake. Programu ya kusoma skrini itasoma Kiswahili, itageukia Kiingereza kwa muda wa nukuu, na kurudi. Ndivyo anavyofanya msomaji hodari wa taarifa ya habari redioni.

Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa maudhui ya mtandao, unaojulikana kwa kifupi chake WCAG, umezingatia mambo haya tangu toleo la kwanza la Mei 1999. Katika toleo la 2.0 la Desemba 2008, ambalo mwaka 2012 lilikubaliwa pia kuwa kiwango cha ISO, kutangaza lugha ya ukurasa kuliwekwa katika daraja A, yaani daraja la chini kabisa ambalo tovuti inayojali ufikivu haipaswi kulikosa. Kutangaza lugha ya sehemu za ndani kuliwekwa katika daraja la pili, AA. Toleo la 2.2, lililotolewa Oktoba 2023, limeuacha mpango huo kama ulivyokuwa.

Mwongozo huo haudai yasiyowezekana. Majina ya watu na mahali, istilahi za kitaalamu, na maneno yaliyokwisha kuingia katika lugha hayahitaji tamko la pekee. Mwandishi wa Kiswahili hatakiwi kutangaza kwamba kompyuta, benki au daktari yalitoka kwingine. Maneno hayo yamekwisha kuwa ya Kiswahili, na yanafuata matamshi ya Kiswahili. Hata mchanganyiko wa lugha za vijana wa mijini, ambao mwanaisimu mwenyewe atasita kuuweka katika kundi moja, haulazimishwi kugawanywa neno kwa neno.

Sauti nayo ipo?

Itakuwa si haki kuwatupia lawama watengenezaji wa tovuti peke yao. Tamko sahihi halisaidii kitu kama kifaa cha msikilizaji hakina sauti ya Kiswahili. Ukurasa utasema 'sw', programu itatafuta sauti hiyo, isipoipata itaendelea na iliyopo.

Kwa upande huu hali si mbaya kama ilivyokuwa miaka ya 1990. NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, hutolewa bure na huja pamoja na kitamkaji kiitwacho eSpeak NG, ambacho kina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Sauti yake ni ya kimashine na haina mvuto, lakini hutamka irabu za Kiswahili kama irabu za Kiswahili. Google inayo sauti ya Kiswahili kwa simu za Android. Microsoft inazo sauti za Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, zinazokaribiana zaidi na sauti ya binadamu, ingawa hizo hutolewa kupitia huduma zake za mtandaoni.

Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina. Tahajia yake ni ya moja kwa moja. Herufi 'a' husomwa hivyohivyo popote ilipo, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza, chenye maneno yanayoandikwa namna moja na kutamkwa nyingine, humtaabisha mtengenezaji wa kitamkaji kuliko Kiswahili. Kwa maneno mengine, ugumu haumo katika lugha yenyewe. Umo katika kuiambia mashine kwamba lugha hiyo ndiyo iliyo mbele yake.

Wapo watakaosema kwamba wasioona wanaotumia kompyuta ni wasomi, na wasomi wanajua Kiingereza, kwa hiyo wasome Kiingereza. Hoja hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, simu za mkononi zimeifikisha programu ya kusoma skrini kwa watu wengi ambao hawajapita chuo kikuu, na hao ndio wanaohitaji zaidi taarifa kwa lugha wanayoifahamu vizuri. Pili, hata anayejua Kiingereza hafaidiki kwa kusomewa Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza. Kujua lugha mbili hakumsaidii mtu kuelewa isiyokuwa mojawapo.

Wengine watasema kwamba wahusika ni wachache. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, lilikadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana matatizo ya kuona ya namna mbalimbali. Si wote wanaohitaji kusomewa skrini. Lakini uoni hupungua kwa umri, na anayesoma makala haya leo kwa macho yake anaweza kuhitaji kuyasikiliza miaka ishirini ijayo. Isitoshe, tamko hilohilo hutumiwa na wasiokuwa na tatizo la macho: dereva anayesikiliza habari akiwa njiani, mtu mzima anayejifunza kusoma, na mwenye ugumu wa kusoma maandishi marefu.

Sheria inasemaje?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006. Ibara yake ya 9 inazitaka nchi wanachama kuhakikisha watu wenye ulemavu wanafikia teknolojia ya habari na mawasiliano, ikiwemo intaneti. Ibara ya 21 inahusu haki ya kupata habari, na inazitaka nchi kuvihimiza vyombo vya habari, pamoja na vile vinavyotoa habari kwa intaneti, kufanya huduma zao zifikike. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Tanzania ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Kenya, iliyokuwa na sheria ya mwaka 2003, iliibadilisha kwa sheria mpya mwaka 2025, na kabla ya hapo, mwaka 2022, ilikuwa imezindua kiwango cha kitaifa cha ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA, KS 2952.

Kwa upande wa lugha, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi.

Sherehe za kila Julai 7 huambatana na hotuba kuhusu kukikuza Kiswahili katika sayansi na teknolojia. Hotuba hizo zikichapishwa mtandaoni katika ukurasa unaojitangaza kuwa wa Kiingereza, kivinjari hakitajua kwamba ni Kiswahili kilichosifiwa humo, wala asiyeona hataisikia sifa hiyo inavyopaswa kusikika. Kukitambua Kiswahili katika katiba na kutokukitambua katika mstari wa kwanza wa tovuti ni kazi iliyoishia nusu.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza haihitaji bajeti. Yeyote mwenye kompyuta anaweza kufungua tovuti ya ofisi yake, abonyeze Ctrl na U kwa pamoja katika kivinjari kama Chrome au Firefox, na msimbo wa ukurasa utafunguka. Atafute neno lang katika mistari ya juu. Kama ukurasa ni wa Kiswahili na tamko linasema 'en', au hakuna tamko, amekwisha kupata kosa, na marekebisho yake kwa tovuti nyingi ni ya dakika chache. Tovuti zenye matoleo mawili, la Kiswahili na la Kiingereza, zikaguliwe kote kuwili, kwa kuwa ni rahisi kubadili maandishi yanayoonekana na kulisahau tamko.

Hatua ya pili ni ya mikataba. Wizara, halmashauri, benki na vyombo vya habari vinapomlipa fundi kutengeneza tovuti, masharti ya kazi yataje kwamba kila ukurasa utangaze lugha yake ya kweli, na kwamba nukuu ndefu za lugha nyingine zitangazwe pia. Nyaraka za PDF nazo zina sehemu ya kutangaza lugha, nazo zisisahaulike. Kipengele hicho kikiwemo katika mkataba, mkaguzi atakuwa na kitu cha kupimia.

Hatua ya tatu ni ya ukaguzi wenyewe. Kwa kuwa kipimo cha mashine hakitambui tamko la uongo, tovuti isipokewe mpaka isikilizwe. Watu wasioona wanaotumia programu hizo kila siku wanaweza kusema ndani ya dakika moja kama ukurasa unasomeka. Wanastahili kuitwa mapema, tena kwa malipo kama wataalamu wengine, badala ya kusubiriwa walalamike baada ya uzinduzi.

Hatua ya nne inavihusu vyuo vinavyofundisha utengenezaji wa tovuti. Mwanafunzi anayefundishwa kwa mifano ya lang="en" peke yake ataibeba mifano hiyo hadi kazini. Kumfundisha kwamba herufi hizo hubadilika kulingana na lugha ya ukurasa ni somo la nusu saa.

Kazi ya kuunda sauti bora za Kiswahili itachukua miaka, fedha na utaalamu. Kazi ya kuandika 'sw' mahali palipoandikwa 'en' inaweza kumalizika wiki hii, na inawahusu zaidi wale ambao hutangaza kwamba huduma zao ni za wananchi wote. Wahariri na wakuu wa vitengo vya TEHAMA waanze na kurasa zao wenyewe.